Mhina wa Nchi ya Mkataa

Aliyekwenda ni Mwatime binti Shee, na aliyerudi ni yeye yule. Yaliyomkuta katikati ndiyo haya, kama alivyoyasema mwenyewe, hayakutiwa chumvi wala kuchujwa.

Mwatime alikuwa tabibu. Majani alifundishwa na bibi yake mzaa mama, sindano na vipimo akavisomea chuo cha uuguzi, na hakuwa akionea haya upande wowote. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene wa sauti, mwepesi wa kucheka, na akisema neno, neno lilitua. Ndiyo maana watu wa Mkataa walipotafuta mgeni wa kuwaamulia ugomvi wao juu ya mhina, walimtaka yeye. Kila upande uliamini kuwa ni mtu wake. Hawa walikuwa wamesikia habari za bibi yake, wale walikuwa wamesikia habari za chuo.

Safari yenyewe haina utamu wa kusimulia. Tuanzie langoni.

Langoni alimkuta afisa mmoja jina lake Fumo, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, mpole wa uso, na viganja vyekundu kwa hina hadi kwenye vifundo vya mikono.

"Shikamoo, Bi," alisema Fumo. "Kabla hujaingia, sheria inanitaka nikuulize. Mhina unaponya yote, au hauponyi kamwe?"

"Marahaba, mwanangu. Hilo linategemea. Kuna baadhi ya—"

Fumo aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akainama karibu naye. "Bi, tafadhali. Neno hilo hapa ni jinai."

"Neno gani? Linategemea?"

"Hilo tunawavumilia wageni. Lile jingine."

Hapo ndipo Mwatime alipopata kujua alikofika. Neno "baadhi" lilikuwa limefutwa katika nchi ile tangu enzi za babu zao. Walisema linachosha mahakama, linarefusha vikao, na linawapa waongo mahali pa kujificha. Tangu hapo kila jambo lilikuwa na majibu mawili tu, na nchi ikaitwa Mkataa, kwa sababu kila neno lao lilikuwa la mkataa. Kwa mhina, watu walikuwa wamegawanyika kwa mto. Ng'ambo ya mashariki iliitwa Yote, na watu wake Wayote. Ng'ambo ya magharibi iliitwa Kamwe, na watu wake Wakamwe. Mto ulikuwa na daraja moja, na darajani watu walipishana bila kusalimiana.

Kwa kuwa Mwatime alikuwa mwamuzi mwalikwa, waliamua asijibu kwanza. Angejibu Ijumaa, Baraza likikaa. Fumo akapewa kazi ya kumtembeza.

Basi wakaanzia Yote. Huko mihina ilipandwa kila ua na kila kona, vichaka vya kimo cha mtu, vijani vidogo vidogo, na vishada vya maua ya rangi ya maziwa ambavyo harufu yake ilimfuata mtu mpaka ndani ya nguo. Mwatime aliipenda nchi ile kwa pua kabla hajaijua kwa macho. Kisha akaanza kuona.

Aliona fundi amepanda ngazi, anapaka hina iliyopondwa kwenye ufa wa ukuta wa shule.

"Fundi," Mwatime alimwita, "ukuta huo unataka saruji."

"Saruji ni ya watu wasio na imani, mama," alijibu fundi bila kugeuka. Ukuta ulikuwa umeinama kama mzee anayetafuta kitu chini.

Ndani ya shule hiyo watoto walioshindwa hesabu walikuwa wamekaa mstari mmoja, viganja vimepakwa hina, wanangoja ikauke.

"Na hesabu wanazipata?" Mwatime alimuuliza mwalimu.

"Hesabu bado," alisema mwalimu kwa fahari. "Lakini tazama viganja vilivyopendeza."

Mahakamani shahidi alipakwa hina ulimini ili aseme kweli, na kwa kuwa hakuweza tena kutamka vizuri, hakimu aliandika alichokitaka. Mwatime alicheka mpaka akashika ubavu. Fumo hakucheka, lakini pembe za midomo yake zilitetemeka, na Mwatime akaliona hilo akaliweka moyoni.

Kesho yake wakavuka daraja kwenda Kamwe. Huko hapakuwa na kichaka hata kimoja, kwa maana waliving'oa vyote na kuvitupa mtoni. Watu walivaa glovu nyeupe, na maharusi waliolewa na mikono mitupu kama wanaokwenda kufua. Mwatime alipelekwa kwa mkuu wa Idara ya Kukanusha, bwana mmoja mwenye miwani. Nyuma ya ukuta wa ofisi yake kulikuwa na mhina uliojiotea kwenye ufa, wakaguzi hawajauona bado, na ulikuwa umechanua. Upepo ulileta harufu yake ikajaza chumba.

"Harufu nzuri hii," alisema Mwatime.

"Harufu gani?" aliuliza bwana yule. Alikuwa amefumba macho, na kifua chake kilipanda na kushuka taratibu.

"Ya maua ya mhina."

"Hapa hapana harufu. Mtu akikubali kuwa ua linanukia, kesho atakubali kuwa jani linapoza."

"Mbona umefumba macho, bwana?"

"Napumzika."

Mwatime alimwambia waziwazi, kama ilivyokuwa desturi yake, kwamba jani lile linapoza kweli. Alimwambia alivyomwona bibi yake akiwapaka watu nyayo zinazowaka moto wakalala usingizi, na visigino vilivyopasuka vikafunga, na mba kichwani ukapungua, na jinsi wenye homa walivyopakwa kipajini wakatulia. Alimwambia pia kwamba bibi yake hakuthubutu kumpaka mtoto mchanga, kwa kuwa kuna wachanga hina huwadhuru. Bwana yule alisikiliza yote kwa adabu, halafu akasema, "Umetoa sababu za pande mbili. Hilo kwetu ni kosa la ushahidi."

Alhamisi mchana Fumo alikuja mbio nyumbani alikofikia Mwatime. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Bi, njoo unitazamie mama."

Mama yake Fumo, Bi Nyamwana, alikaa Yote, naye alikuwa mzee mkavu mwenye macho makali. Asubuhi ile alipanda kwenye dari ya ghala kuanika majani ya mhina, ngazi ikateleza, naye akaanguka nayo. Majirani walimbeba ndani, wakauzungushia mguu hina mbichi nzito kama tope la mfinyanzi, kisha wakasimama mlangoni wakiimba sifa za mmea. Mwatime alipiga magoti, akapangusa kidogo, akatazama. Mguu chini ya goti ulikuwa umepinda pasipopinda mguu. Ulikuwa umevimba. Alishika vidole vya mzee, akaviona vinapoa na kupauka.

"Kichwa kinanipasuka kwa joto," alisema Bi Nyamwana. "Na hawa wanaoimba wananiongezea."

Mwatime alisimama. "Fumo, mfupa umevunjika, na damu haifiki vidoleni. Hina haiungi mfupa. Anatakiwa mtu wa kuunyoosha leo, jua halijazama. Mimi mifupa si kazi yangu, na nikikosea hapa mama anapoteza mguu."

"Mhina unaponya yote," alisema Fumo. Aliyasema kama mtoto anayesoma ubao, na machozi yalikuwa yakimtoka.

"Nitazame mimi, mwanangu. Unaniambia mimi, au unawaambia walioko mlangoni?"

Fumo aliutupia macho mlango. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ng'ambo kuna Daktari Sheali. Hana mfano kwa mifupa. Lakini sheria yao inamkataza kumgusa mtu mwenye hina."

Mwatime hakungoja zaidi. Alijifunga kanga kiunoni, akavuka daraja.

Sheali alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mikono safi kama sahani. Alimkaribisha vizuri na kumsikiliza mpaka mwisho.

"Mleteni," alisema, "ila akiwa safi."

"Hina haitoki kwa maji, Daktari, unajua. Inatoka ngozi ikiota upya."

"Basi aletwe ngozi ikiota."

"Mguu utakuwa umekufa zamani."

Sheali aliinuka akaenda dirishani. "Bi Mwatime, wewe umesoma. Nikiugusa mguu ule, kesho watasema Sheali ameamini."

"Na usipougusa, watasemaje?"

"Watasema Sheali ni imara."

"Na Bi Nyamwana atasemaje?"

Daktari aligeuka. "Ndiyo jina lake?"

"Ndiyo. Nyamwana. Ana ulimi kama wembe, na alikuwa juu ya ghala asubuhi kwa sababu hapendi kufanyiwa kazi na watu."

"Sisi huku hatupewi majina yao," alisema Sheali polepole. "Tunaambiwa tu, Myote mmoja." Halafu akafungua kabati, akatoa mbao nyembamba na vitambaa, akavua glovu zake na kuziacha mezani.

Walipofika, majirani waliziba mlango. Mmoja alisema mikono ya Mkamwe itaharibu dawa. Bi Nyamwana akawasikia kutoka kitandani.

"Mguu ni wangu!" alipaza sauti. "Ninyi mna miwili miwili, vunjeni yenu mkaipake. Mpisheni huyo mtu apite."

Wakapisha.

Sheali alikaa chini, akaitazama ile hina mbichi iliyoganda juu ya ngozi, na Mwatime alimwona akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuingia maji ya baridi. Kisha akaitia mikono yake yote miwili. Aliikwangua, akapapasa mfupa kwa vidole, akautafuta ulipokatika. Alifanya kazi bila haraka, kwa muda mrefu. Fumo alimshika mama yake mabega. Mwatime alichukua hina iliyokuwa kwenye bakuli, akailainisha kwa maji ya mtungini, akampaka mzee kipajini.

"Hiyo ya nini?" aliuliza Sheali bila kuinua macho.

"Ya kichwa. Kinamuuma kwa joto."

"Itamsaidia?"

"Kwa kichwa, itampoza. Mguu ni wako."

Sheali aliushika mguu kwa mikono miwili. Alivuta. Bi Nyamwana alitoa ukelele uliosikika hadi mtoni, mfupa ukalia ukarudi mahali pake, na daktari akafunga zile mbao upesi upesi. Baada ya kitambo Mwatime alivishika vile vidole vya mguu. Vilikuwa vimeanza kupata joto. Mzee alifumba macho, akasema, "Kichwa nacho kimetulia," akalala.

Hapo ndipo Sheali alipoitazama mikono yake. Aliiosha kwa sabuni, akaiosha kwa ndimu, akaiosha kwa majivu. Jioni mikono ilikuwa ya rangi ya chungwa. Ijumaa asubuhi ilikuwa imekolea, myekundu kama ya bwana harusi.

Habari zilivuka mto kabla yake. Baraza lilipokaa, ukumbi ulijaa pomoni. Kwenye kiti cha juu alikaa Mkata Shauri Mkuu, mzee mwenye kilemba kikubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza maneno mengi na kuyakata yakabaki moja.

Mnenaji wa Wayote alisimama kwanza. "Mheshimiwa, furaha kubwa! Mguu umepona kwa sababu mikono iliyoushika ilipakwa hina. Hina ndiyo iliyofanya kazi, daktari alikuwa kijiko tu."

Wayote wakapiga vigelegele. Mkuu wa Idara ya Kukanusha akasimama. "Mheshimiwa, naomba Baraza litamke kwamba mikono ya Daktari Sheali ni myeupe. Tukikubali kuwa ni myekundu, itabidi tukubali aligusa. Tukikubali aligusa, itabidi tumfunge bingwa wetu pekee wa mifupa."

Upande wa Kamwe ukapiga kura papo hapo, na mikono ya Sheali ikawa myeupe kwa sauti za wengi. Daktari aliiinua juu ukumbi mzima uione. Wakamwe wakatazama dari.

"Tumsikie mwamuzi," alisema Mkata Shauri. "Bi Mwatime, umeyaona kwa macho yako. Mhina unaponya yote, au hauponyi kamwe? Jibu kwa neno moja."

Mwatime alisimama. Alijua adhabu ya neno alilotaka kulisema, na moyo wake ulikuwa umetulia tuli.

"Neno moja ninalo, Mheshimiwa. Baadhi."

Ukumbi ulilipuka. Wengine waliziba masikio ya watoto. Mwatime akapandisha sauti juu ya kelele zao, na sauti anayo.

"Unaponya baadhi! Ninyi mmeusifu mpaka mmeutwika mizigo isiyo yake, ukuta ukiwaangukia mtaulaumu. Na ninyi mmeukana mpaka mnaona haya kunusa ua. Mmea haukuwaahidi kitu. Umekaa pale na majani yake. Kazi ya kujua ni ipi yake na ipi si yake ni yenu, na mmeikimbia kwa sababu ni ngumu. Kusema yote ni rahisi. Kusema kamwe ni rahisi. Mtu akishasema hivyo, hana haja tena ya kumtazama mgonjwa."

Kwenye mlango palitokea msukosuko. Bi Nyamwana alikuwa ameletwa juu ya kitanda cha kamba, amebebwa na majirani wale wale waliokuwa wakiimba.

"Mzee," alisema Mkata Shauri, naye alionekana kupata tumaini, "wewe ndiye shahidi. Mhina ulikuponya, au haukukuponya?"

"Mguu haukuuponya," alijibu Bi Nyamwana. "Mguu ameunyoosha huyu mrefu. Kichwa kilikuwa kinapasuka, nikapakwa, kikatulia. Sasa andikeni mnavyotaka, mimi nataka kurudi kulala."

"Jibu hilo halipokelewi."

"Basi libaki kwangu. Limenifaa."

Mkata Shauri aligonga meza. Alitamka kwamba Mwatime na Sheali wametenda jinai ya neno na jinai ya mkono, akamwamuru Fumo, afisa wa lango, awakamate.

Fumo alisogea mpaka mbele ya kiti. Miaka yote alikuwa mtu wa kutii. Lakini sauti ilitoka nzima.

"Mheshimiwa, sitawakamata. Mama yangu alipakwa mguu mzima, na asubuhi nzima nikasimama nikiimba mguu unakufa. Niliona unakufa. Nikaendelea kuimba." Akanyoosha mikono yake mbele kama wa kufungwa. "Mhina unaponya baadhi. Nimesema. Niwekeni pamoja nao."

Hata waliokuwa wanapiga kelele hawakujua wapigie upande gani.

Hukumu ilikuwa hii: kwa kuwa hawakuwa wa Yote wala wa Kamwe, watatu hao wasikanyage ng'ambo yoyote, bali wapelekwe katikati ya mto, kwenye kisiwa ambacho hakuna aliyekuwa akikwenda.

Walivushwa kwa mtumbwi. Mwatime alitarajia mchanga na magugu. Lakini mihina yote ambayo Kamwe waliing'oa na kuitupa mtoni, maji yalikuwa yameipeleka pale, nayo ikashika mizizi. Kisiwa kizima kilikuwa kichaka kimoja kilichochanua. Sheali alisimama ukingoni na mikono yake myekundu, akavuta pumzi ndefu, na safari hii hakuficha.

"Nifundishe," alimwambia Mwatime. "Jani hili ni la nini, na si la nini."

Alimfundisha. Naye Sheali akamfundisha Fumo kukata mbao na kufunga vitambaa. Siku chache baadaye mama mmoja wa Yote alivuka akiwa na maji kiunoni, amembeba mtoto aliyevunjika mkono. Nyuma yake akaja mzee wa Kamwe ambaye nyayo zilikuwa zikimuwaka asiweze kulala. Hawakusalimiana majini. Walipokuwa wamekaa kwenye gogo moja wakingoja zamu, walisalimiana.

Mwatime alirudi kwao mwezi ule ule kwa mtumbwi, akiufuata mto bila kukanyaga ng'ambo, kazi ikiwa mikononi mwa wenyewe. Bi Nyamwana alitembea tena, ingawa kwa kuchechemea, na alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Alikuwa akienda kisiwani kila alipotaka kugombana na mwanawe.

Ama Baraza, liliona aibu watu wake wanavyovuka. Likakaa, likajadili kutwa, na kwa mara ya kwanza tangu enzi za babu zao Yote na Kamwe wakapiga kura pamoja. Walipitisha sheria kwamba kisiwa kile hakipo. Na kwa kuwa hakipo, hakuna aliyeweza kushtakiwa kwa kwenda huko. Siku hiyo hiyo foleni ya wagonjwa ilianzia pande zote mbili za mto, ikafika mpaka majini.